Lugha ya Tahadhari: Funzo la Ukame katika Nyanda za Chini za Embu na Meru

Makala haya yanajadili jinsi serikali inavyojifunza kutokana na majanga, kwa kurejelea ukame wa Embu na Meru. Anayezijua kaunti hizi kwa majani chai ya Manyatta na Imenti huenda akaisahau Mbeere na sehemu kame za Tigania na Igembe, ambako maisha hutegemea mtama, pojo na mbuzi.

Katika ukame wa 1984, serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Chakula kilifika, ila nchi haikuwa na chombo cha kitaifa cha kuupima ukame ungali mchanga. Baada ya ukame wa 2011, ambao Rais Mwai Kibaki aliutangaza kuwa janga la kitaifa, iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, nayo ikatungiwa sheria mwaka 2016. Kila mwezi hutoa taarifa kuhusu kaunti 23, Embu na Meru zikiwamo. Taarifa hizo hupima mvua, malisho, umbali wa maji, bei ya mbuzi na lishe ya watoto. Hilo ni funzo la kweli.

Hata hivyo, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo mingi ilikufa nchini ingawa dalili zilikuwa zimeonekana. Uhaba wa fedha ulichangia, lakini lugha nayo ina sehemu yake. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Afisa au mtangazaji huzifafanua kwa mdomo, kila mmoja kwa neno lake. Hatua ya pili na ya tatu za ukame huweza zote kuitwa "tahadhari". Kwa mfugaji, tofauti hiyo ni kubwa: katika hatua ya pili mbuzi angali na bei, katika ya tatu amekonda na mnunuzi haonekani.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Methali hiyo tayari imezipanga hatua hizo mbili. Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ni kusanifisha istilahi hizi na kuzifikisha Kiritiri na Mikinduri. Funzo lisilomfikia mwenye mbuzi bado halijakamilika.