Unapokodi Gari Pamoja na Dereva

Familia iliyofiwa jijini Dar es Salaam inahitaji kuwahi maziko Moshi. Jirani anamfahamu mtu mwenye gari zuri na dereva mwenye adabu. Bei inakubaliwa kwa simu, na alfajiri safari inaanza. Katika somo hili tunaeleza yale ambayo familia hiyo ingepaswa kuyauliza mapema. Ikitokea ajali, askari na kampuni ya bima watayauliza maswali hayohayo, na wakati huo hakuna jibu linaloweza kurekebishwa.

Tuanze na gari. Nchini Tanzania gari la matumizi binafsi hubeba namba za rangi ya njano, na gari la biashara hubeba namba nyeupe. Bima nayo hukatwa kwa kutaja matumizi ya gari. Mwenye gari aliyekata bima ya matumizi binafsi, kisha akalikodisha kwa fedha, amekwenda kinyume cha mkataba wake wa bima, na kampuni inaweza kukataa kulipa. Abiria aliyeumia atabaki akimdai mtu ambaye pengine mali yake kubwa ilikuwa gari hilo lililopondeka. Usitosheke kuambiwa kwamba bima ipo. Ingiza namba ya gari katika mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa simu yako mwenyewe, uone kama bima iko hai, kisha umwombe mwenye gari akuonyeshe imekatwa kwa matumizi gani.

Leseni nayo itazamwe, hata kama dereva amevaa suti na kukufungulia mlango. Leseni ya daraja D humruhusu mtu kuendesha gari dogo la binafsi, liwe lake au la mwajiri wake. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji daraja C, ambalo lina ngazi kulingana na idadi ya abiria. Hivyo dereva aliyemwendesha mkurugenzi wa kampuni kwa miaka mingi bila kosa lolote huenda hana ruhusa ya kukubeba wewe kwa malipo.

Jambo tunaloona likipuuzwa zaidi ni uchovu. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 9 za kawaida za kazi kwa siku na saa 45 kwa wiki. Hata kwa saa za ziada, siku ya kazi haipaswi kuzidi saa 12. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya angalau dakika 60 baada ya saa 5 za kazi mfululizo, na saa 12 za kupumzika kabla ya kuanza siku nyingine. Familia inayotaka kwenda, kuzika na kurudi siku hiyohiyo inamtaka dereva mmoja avuke mipaka yote hiyo.

Wateja wengi hujibu kwamba dereva alipumzika wakati wao wakiwa msibani. Sehemu kubwa ya kazi ya dereva wa kukodiwa ni kusubiri, nako kusubiri huku analinda gari, simu mkononi, akitazamia kuitwa wakati wowote, si kulala. Tafuta chumba cha dereva na uweke posho yake ya kulala na kula ndani ya bei tangu mwanzo, la sivyo atalala kwenye kiti. Ikiwa lazima mrudi usiku huohuo, kodi madereva wawili. Usitegemee dereva aseme mwenyewe kwamba amechoka, kwa maana anaogopa kupoteza mteja na pengine kibarua. Muulize mwenye gari: jana dereva huyu alikuwa wapi, na alirudi saa ngapi?

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe mfupi wa simu: jina la dereva, namba ya gari, bei, nani analipia mafuta na maegesho, na gari lipi litaletwa la kwanza likiharibika. Dai risiti ya malipo ya awali. Akija dereva mwingine asubuhi, mkague leseni upya kabla ya kupakia mizigo. Ukiwa na lalamiko, lipeleke Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, pamoja na ujumbe huo na risiti.