Kle Haijafa, Imekaliwa na Linux Tu

Ulimwazima kle yako ya USB (flashi) kijana anayesoma informatiki katika chuo cha UCBC kule Beni, akaiwekea Ubuntu ya kuwashia kompyuta. Imerudi. Unataka kuitumia kubeba TFC yako, ile kazi ya kumalizia masomo, ukaichapishe Butembo, lakini Windows inadai flashi ya GB 16 ina MB chache tu. Usiitupe.

1. Toa vyako kwanza. Kama bado kuna faili humo, zihamishe, maana hatua ya 3 haina msamaha.

2. Achana na "Formater" ya kubofya kulia. Hiyo husafisha kipande kimoja, na flashi ya kuwashia kompyuta kwa kawaida imekatwa vipande zaidi ya kimoja, vingine Windows haivisomi kabisa. Dawa ni kufuta mgawanyo wote.

3. Fungua cmd kwa "Exécuter en tant qu'administrateur", andika diskpart, kisha list disk. Hapa tulia. Itambue flashi kwa ukubwa wake: ya GB 16 huonekana kama 14. Ukiwa na shaka ichomoe, andika list disk tena, uone ipi imetoweka. Siku moja nilijiona fundi, nikaruka hatua hiyo, nikafuta diski ya nje ya shemeji yangu yenye picha zote za harusi. Salamu yangu anaipokea, ila kwa mbali. Ukishakuwa na hakika: select disk na namba yake, clean, create partition primary, format fs=exfat quick, mwisho assign.

4. Chunga kibodi. Laptopu za mtumba huja na kibodi za kila aina. Windows ikidhani ina QWERTY ilhali vidole viko kwenye AZERTY, diskpart hutoka diskpqrt, na clean huwa cleqn. Kosa si lako, badilisha lugha ya kibodi. Na usijaribu kutafsiri amri: hata Windows ikiwa ya Kifaransa tupu, clean hubaki clean.

5. Ya muziki wa garini? Andika fat32 badala ya exfat, kwani redio nyingi haziijui exFAT. Ubaya wa FAT32 ni kwamba faili moja ikifika GB 4 inakataliwa, kwa hiyo kwa filamu nzito baki na exFAT.

6. Unaiuza au unaigawa? Ile quick haifuti kitu, huondoa orodha tu. Mwenye programu kama PhotoRec atazirudisha picha zako akinywa chai. Tumia clean all, inayoandika sifuri flashi nzima. Flashi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa nzima, basi usianze wakati jenereta inanusa tone la mwisho la petroli.

7. Ikisema "protégé en écriture", jaribu attributes disk clear readonly. Ikigoma bado, huenda chipu imechoka na kujifunga yenyewe. Hiyo ndiyo imekufa. Ina kitundu cha kamba, ining'inize pamoja na funguo za pikipiki: kwa Kifaransa jina lake ni ufunguo hata hivyo.