SOMO LA WIKI: Mzigo Usitoke Kabla ya Fedha Kuingia

Mfanyabiashara wa mchele wa Mwanjelwa, Mbeya, anayeuza kwa njia ya tovuti hana budi kulifahamu neno moja la mafundi wa kompyuta: tukio.

Tovuti nyingi za biashara huendeshwa kwa WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ulioanza mwaka 2003. Juu yake huongezwa programu ndogo ziitwazo plagini. Ya duka inayojulikana sana ni WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011. Kila jambo linapofanyika, mfumo hutangaza tukio, mithili ya dalali anayepiga kengele mnadani. Plagini iliyojiandikisha kusikiliza tukio hilo huanza kazi yake.

Tuchukue mfano. Mteja wa Iringa anaagiza magunia 20 ya kilo 100, kwa shilingi 2,500 kila kilo. Mzigo huo ni shilingi 5,000,000. Fundi amekutengenezea plagini ya kumpelekea mtunza ghala ujumbe wa simu: "Pakia." Je, ameifunga kwenye tukio lipi? Kama ni tukio la oda kuandikwa, lori litafika Makambako mteja akiwa hajatuma hata senti. Tukio linalofaa ni la malipo kukamilika, ambalo WooCommerce huliita woocommerce_payment_complete.

Hatari ya pili ni marudio. Taarifa ya malipo huweza kuletwa zaidi ya mara moja, hasa mtandao unapokatika kabla tovuti haijajibu. Plagini isiyotunza namba ya muamala inaweza kusema "Pakia" mara mbili. Hapo magunia 40 yatatoka kwa malipo ya magunia 20.

Hatari ya tatu ni utaratibu. Plagini mbili zikisikiliza tukio moja, WordPress huzipanga kwa namba: ndogo hutangulia, na isipotajwa huwa 10. Inayoandika stakabadhi ipewe namba ndogo kuliko inayotuma ujumbe wa kupakia.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, muulize: Umeifunga kwenye tukio gani? Taarifa ikija mara mbili itakuwaje? Ipi inatangulia? Kisha jaribuni pamoja kwa oda ya gunia moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na plagini nayo ni daftari.