Udongo wa Kilembe: Sumu Ipo, Je, Inamfikia Nani?

Shaba ya Kilembe, wilayani Kasese, ilianza kuzalishwa mwaka 1956 na mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vifusi vya mabaki vilibaki kandokando ya Mto Nyamwamba, na watu wanalima mboga karibu navyo.

Wengi wetu tukiona kipimo kinaonyesha shaba nyingi, tunakimbilia kusema "hatari!" Mpimaji huuliza kwanza: sumu iko wapi, inapita njia gani, inamfikia nani? Njia ikikatika, hakuna anayedhurika.

Tufanye hesabu. Tuseme kilo moja ya udongo ina miligramu 1,000 za shaba. Mtoto anayecheza chini hukadiriwa kumeza miligramu 100 za udongo kwa siku. Basi anapata miligramu 0.1 ya shaba, na mwili wake unahitaji zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kwa njia hii peke yake, shaba haimdhuru. (Kobalti, na mboga anazokula, zina hesabu zao. Msiishie hapa.)

Kwa samaki mambo ni mengine. Mabaki haya yana salfa. Yakikutana na hewa na mvua hutoa asidi, nayo huyeyusha shaba. Shaba iliyoyeyuka, hata kidogo sana, hudhuru matamvua ya samaki. Kutoka kwenye lundo la Kasese, maji hayo yaliua majani hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George.

Tena mto ukifurika, kama Mei 2013, mabaki huhamia mashambani, na vipimo vya zamani inabidi virudiwe.