Nambari ya Risiti Yako Hubeba Saa Uliyolipa

ELIMU KWA MWANANCHI

Mkaazi anapolipa ada ya soko au leseni ya biashara kwa njia ya kidijitali, mara nyingi hupata nambari ndefu iliyochanganya herufi na tarakimu. Wengi huuliza: mbona isiwe 1, 2, 3 kama zamani?

Tuseme ni siku ya soko. Makarani wawili wanatoza ushuru, mmoja lango la juu na mwingine lango la chini, kila mmoja na kifaa chake. Mtandao umepotea, kwa hivyo kila kifaa kinahesabu peke yake. Vyote viwili vinafika 57. Jioni mtandao unaporudi, kompyuta kuu inapokea risiti mbili za nambari 57, moja ya mama mboga na nyingine ya muuza mbuzi. Programu iliyoundwa vibaya huandika ya pili juu ya ile ya kwanza. Kesho yake mmoja wao anaambiwa hajalipa, ilhali pesa zilishatoka mfukoni.

Vitabu vya risiti vya karatasi vilikuwa na dawa ya jambo hili. Karani huyu alipewa kitabu cha 001 hadi 050, yule 051 hadi 100, na hawakugongana. Mwaka 2010 kampuni ya Twitter ilitangaza mfumo wake uitwao Snowflake, unaofanana na mpango huo. Nambari yake ina sehemu tatu: wakati, nambari ya mashine iliyoitoa, na hesabu ya zamu. Mashine moja inaweza kutoa nambari 4,096 kwa milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini lazima awepo mtu wa kugawa nambari za mashine. Akizipa mashine mbili nambari moja, tumerudi pale pale kwenye 57.

Njia nyingine haihitaji mgawaji. Nambari ya aina ya ULID ina alama 26. Alama 10 za kwanza ni wakati, ukihesabiwa kwa milisekunde tangu Januari 1, 1970. Alama 16 zinazobaki huchaguliwa kwa bahati nasibu, na michanganyiko inayowezekana ni kiasi cha 1 ikifuatwa na sifuri 24. Hata vifaa viwili vikitoa risiti katika milisekunde ile ile bila kuwasiliana, uwezekano wa kugongana ni mdogo mno. UUID toleo la 7, iliyoidhinishwa kuwa kiwango cha intaneti Mei 2024, hufuata wazo hilo hilo.

Wakati huwekwa mwanzoni kwa sababu ile ile ya kuandika tarehe ukianza na mwaka. Panga 2024-03-09 na 2023-11-30 kama maneno ya kamusi, na zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku. Ukianza na siku, mfuatano huo unavurugika. Mkaguzi anayetafuta malipo ya asubuhi fulani huenda moja kwa moja kwenye kipande hicho, bila kupekua rekodi zote za mwaka.

Wenye simu wanaweza kujionea jambo kama hilo kwenye ujumbe wao wa M-Pesa wa miaka iliyopita. Msimbo ulioanza na NLJ ni wa Desemba 19, 2019: N ni mwaka, L ni mwezi wa 12, na J ni siku ya 19, kwa kuwa baada ya 9 siku zilihesabiwa kwa herufi kuanzia A.

Hata hivyo, nambari hizi huamini saa ya kifaa. Saa ikiwa nyuma, risiti bado itakuwa ya pekee, lakini itajipanga mahali pasipo pake. Zaidi ya hayo, ULID huhesabu kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Anayelipa Julai 1 saa saba na nusu usiku, nambari yake inasema bado ni Juni 30. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hivyo programu isiporekebisha saa, malipo hayo yataingia katika mwaka uliokwisha.

Kwa hivyo unapofuatilia malipo, toa nambari nzima pamoja na tarehe uliyolipa, wala si tarakimu nne za mwisho. Unaposoma ULID kwa simu, kumbuka haina herufi I, L, O wala U. Tatu za kwanza ziliachwa kwa kuwa hufanana na 1 na 0. U iliachwa ili maneno ya matusi yasijitokeze kwa bahati mbaya. Ukiona kitu kama O, ni sifuri.