Maada Halisi katika Ulimwengu wa Kubuni: Mfano wa Shaba

Wabunifu wa michezo ya kompyuta ya kifantasia hulazimika kuamua ni maada zipi za ulimwengu halisi ambazo mchezaji ataundia zana na silaha. Kigezo kinachotawala ni ugumu. Katika Minecraft, mchezo uliotolewa rasmi mwaka 2011, zana ya chuma hudumu kuliko ya jiwe, na ya almasi kuliko ya chuma. Kigezo hiki kina kasoro: almasi halisi haikwaruziki kwa urahisi, lakini hupasuka ikigongwa kwa nyundo.

Shaba, iliyoingizwa katika mchezo huo mwaka 2021, yaelekeza kwenye kigezo kingine. Kama ilivyo katika uhalisi, hugeuka kijani kadiri muda unavyopita. Mchezaji huweza kuikinga kwa nta. Hapa tabia ya maada yenyewe ndiyo izaayo tukio.

Fasihi ya Kiswahili iliipa shaba uzito zaidi. Katika utenzi wa Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa asiyedhurika kwa silaha nyingine hufa kwa sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe. Shaba ni laini kuliko chuma. Kwa kigezo cha ugumu ingekataliwa. Nguvu ya sindano hiyo, hata hivyo, imo katika siri ambayo baba alimfichulia mwanawe.

Hivyo basi, maada hustahili kuingizwa pale inapobeba tabia yake halisi au maana iliyopewa na masimulizi. Isiyobeba lolote kati ya hayo hubaki jina tu.