Sheria Moja kwa Watu Wote

Somo: Matendo ya Mitume 22:24–29

Katika fungu hili Paulo amekwisha kufungwa ili apigwe mijeledi. Anauliza swali moja tu, na jemadari anashikwa na hofu, maana mfungwa huyu ni raia wa Rumi. Paulo akaokoka. Lakini tujiulize: kama asingekuwa raia? Angepigwa, wala hakuna ambaye angeogopa.

Wazee wetu wa Iringa na Mbeya waliishi chini ya sheria za namna hiyo. Tarehe 22 Aprili 1896 serikali ya Ujerumani ilitoa amri juu ya adhabu za wenyeji. Mwafrika aliweza kuchapwa hadi viboko 25 kwa mara moja; ndiyo ile "hamsa ishirini" waliyoisimulia wazee. Amri hiyo hiyo ilikataza kumchapa Mwarabu au Mhindi. Mzungu hakuguswa nayo kabisa. Kwa hiyo adhabu ilipimwa kwa rangi ya mkosaji.

Waingereza nao walitunga mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha, iwe katika dhahabu ya Lupa au chai ya Mufindi, alihesabiwa mhalifu, akaweza kutozwa faini au kufungwa. Sheria hiyo haikumhusu karani wa Kizungu. Tena, tangu 1929, rufani kutoka mahakama za wenyeji zilipanda kwa maofisa wa utawala hata kwa Gavana, si kwa jaji. Wala mawakili hawakuruhusiwa humo.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliziunganisha mahakama zote, na Ibara ya 13 ya Katiba yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Rangi imefutwa vitabuni. Je, ubaguzi umefutwa mioyoni? Ng'ombe wakipotea, au mpunga ukiliwa kule Usangu, twamtaja nani kabla ya ushahidi? Mgeni, fukara, asiye na jamaa wa kumsemea: huyo ndiye "asiye Mrumi" wa siku zetu.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini jemadari aliogopa uraia wa Paulo, asiogope kumpiga mtu asiyehukumiwa?

2. Katika baraza la kijiji chetu, mgeni husikilizwa sawa na mwenyeji?

3. Nani kati yetu atasimama na mshtakiwa asiye na ndugu?